Zimwi Limekuja au Zimwi Amekuja? Uhakiki wa Katuni ya Machikado Mazoku

Nilikuwa nimeahidi kwamba safari hii ningeandika juu ya diwani za ushairi zilizofika maktabani. Ushairi utasubiri. Kuna jambo limenikuta darasani, na kwa kuwa linahusu upatanisho wa kisarufi na fasihi kwa pamoja, nimeona ni haki tulijadili hapa badala ya kulimalizia ofisini.

Katika kozi ya tafsiri, mwaka wa pili, wanafunzi walipewa ruhusa ya kujichagulia matini fupi na kuitafsiri kwa Kiswahili. Wengi walileta habari za magazeti ya Kifaransa. Wawili walishirikiana: msichana wa Yoba ya Gitega na mvulana wa Yoba ya Muyinga. Wenyeji wa Yoba hizi mbili mnawajua. Kiswahili hawakungoja kukipata shuleni, walikikuta jikoni kwa mama. Hao wawili walileta katuni ya Kijapani waliyokuwa wakiisoma katika simu, kwa tafsiri ya Kiingereza, huku wakifafanuliana kwa Kiswahili. Katika ukurasa wa kwanza wa kazi yao waliandika kwamba zimwi limeamka. Katika ukurasa wa tatu waliandika kwamba zimwi amesikia njaa. Nilipigia mstari mwekundu, nikaandika pembeni "upatanisho!", nikaondoa alama nne.

Msichana alinifuata. Hakulalamika kwa kelele. Alisema tu, "Mwalimu, pale mwanzo tulikuwa bado hatumjui." Nilimjibu kwamba sarufi haijali kama tunamjua mtu au hatumjui. Usiku ule nikaisoma katuni yenyewe, na sasa jibu langu linanitia haya.

Kwanza niwaeleze wale ambao, kama mimi, hawakukua na vitabu hivi. Wajapani huita katuni za vitabuni manga, nazo zina tanzu zake kama zilivyo tanzu zetu za ngano, visasili na hurafa. Utanzu mmojawapo ni wa wasichana wenye miujiza. Mitsuteru Yokoyama alimchora Sally, msichana mchawi, mwaka 1966, na mwaka huohuo Sally akaingia katika televisheni. Naoko Takeuchi aliandika Sailor Moon kati ya 1991 na 1997, ambayo ilienea duniani kote. Mwaka 2004 televisheni ya Kijapani ilianza mfululizo wa Pretty Cure. Kanuni ya utanzu huu ni nyepesi kuitambua: msichana wa kawaida, mwanafunzi, anapewa nguvu na kiumbe fulani, mara nyingi mnyama mdogo anayesema, anabadilika mavazi kwa mwanga na rangi, anapigana na jeshi la giza, anashinda, kesho yake anakwenda shule. Jeshi la giza halina nyumbani. Halina mama. Hutokea ukurasa wa tano, likapigwa ukurasa wa kumi na tano.

Tusiwacheke Wajapani kwa hilo. Zimwi letu pia halina mama. Yule zimwi wa ngano anayemtia msichana ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini akimwimbisha ili apate chakula, nani kati yenu amewahi kuuliza kwa nini alikuwa na njaa kiasi hicho? Hata igisizimwe cha Kirundi tulichotishiwa nacho tukiwa wadogo hakikuwa na shida yoyote ya kwake. Kazi yake ilikuwa kula watoto wasiotii.

Sasa Machikado Mazoku. Jina lenyewe, kwa tafsiri ya karibu, ni zimwi wa kona ya mtaa. Mwandishi na mchoraji wake ni Izumo Itō, na ilianza kutoka mwaka 2014 katika jarida la Manga Time Kirara Carat. Ilifanywa kuwa mfululizo wa televisheni mwaka 2019, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 2022. Imechorwa kwa visanduku vinne vinne vilivyopangwa kutoka juu kwenda chini, kila visanduku vinne vikiwa na kichekesho chake. Waliozoea Kingo ya James Gayo hawatapotea: jambo linaanza, linakua, linageuka, linaangukia mahali usipotarajia.

Mhusika mkuu ni Yuko, msichana wa miaka 15, anayeamka asubuhi moja akiwa na pembe kichwani na mkia. Bibi yao wa kale, Lilith, aliyefungiwa ndani ya sanamu, amemjia ndotoni na kumwambia kwamba wao ni ukoo wa giza, kwamba ukoo wa nuru uliwafunga kwa laana, na kwamba yeye Yuko lazima amshinde msichana wa miujiza na kuimwaga damu yake ili laana iondoke. Laana yenyewe ndiyo iliyonifanya niache kusoma kwa kupitiapitia. Familia hii haikulaaniwa kwa upofu wala kwa kugeuzwa jiwe. Ililaaniwa isiweze kuishi kwa zaidi ya yeni 40,000 kwa mwezi. Kwa mama na watoto wawili, hizo ni fedha za kuhesabu punje.

Hapo ndipo palipo na ufundi wa Itō. Katika vitabu vingine vya utanzu huu ushindi wa nuru ni fataki za rangi katika ukurasa wa mwisho. Hapa tunaingia kwa mlango wa nyuma na kuona gharama ya ushindi ule ilivyolipwa, kizazi baada ya kizazi, na watu ambao hawakuwapo siku ya vita. Aliyeshinda alikwenda zake. Aliyeshindwa ananunua mboga za bei iliyoshushwa.

Na Momo, yule msichana wa miujiza anayepaswa kumwaga damu, ni nani? Siku wanapokutana, Yuko nusura agongwe na lori, na Momo analizuia lori hilo kwa mkono mmoja. Zimwi limeokolewa na adui yake kabla halijatamka tishio la kwanza. Tangu hapo Momo anamfundisha mazoezi ya mwili, kukimbia na kunyanyua vitu vizito, kwa sababu zimwi huyu ni dhaifu mno hata hawezi kupigana. Kila anaposhindwa, Yuko hukimbia huku akipiga kelele kumwonya mwenzake asijidhani ameshinda. Maneno ni yaleyale kila mara, na hapo kuna mbinu tunayoijua vizuri sisi wa fasihi simulizi: kauli-rejezi ambayo hadhira huanza kuingojea, na ambayo maana yake hugeuka polepole. Mwanzoni ni tishio. Baadaye ni aibu. Mwishowe ni namna ya kuagana hadi kesho.

Damu inamwagika kweli, lakini kwa ajali ndogo. Momo anajikata, tone linafika penye sanamu, laana ya yeni 40,000 inaondoka, naye Momo anapoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa kanuni za utanzu huu, hapo giza limeshinda na dunia imeharibika. Kilichotokea ni kwamba familia moja sasa inaweza kununua chakula.

Kuna kitu kingine nisichoweza kukiacha, ingawa kinaharibu utamu kwa wasiosoma. Katika chumba cha familia hiyo kuna boksi la machungwa ambalo kwa miaka wamelitumia kama meza. Baadaye inafichuka kwamba baba yao, ambaye watoto hawakujua alipo, amefungiwa ndani ya boksi hilo, na aliyemfungia ni dada yake Momo, msichana wa miujiza wa zamani aliyetoweka. Walikuwa wakila juu ya baba yao. Ni kichekesho, nilicheka. Kisha nikaweka simu chini. Namna Itō anavyoweka msiba ndani ya mzaha bila kuuondoa mzaha ni jambo ambalo waandishi wetu wa tamthilia za vichekesho wangefaa kulitazama. Momo anaposikia habari hiyo anakuwa, kwa mara ya kwanza, mtu wa upande uliokosa, na ni Yuko anayepaswa kuamua la kufanya na haki yake ya kukasirika. Anaamua kumsaidia kumtafuta huyo dada.

Nirudi kwenye alama nne.

Sarufi tunayofundisha inasema nomino za viumbe hai, hata zikiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa a- na wa-. Kipofu amekuja, waziri amekuja, kifaru amekuja. Lakini sote tunajua kwamba watu wa kutisha hutoroka kanuni hii. Joka limepita. Jitu lile limenikodolea macho. Jini limempanda, husema mmoja. Jini amempanda, husema mwingine, na mara nyingi anayesema amempanda ni yule anayeishi na jini huyo, anayejua jina lake na anachotaka. Methali nayo imekataa a- kabisa: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tazameni ajabu yake. Hata zimwi linalokujua, lenye huruma kiasi cha kukubakiza, bado ni li-. Ujuzi wote uko upande wake; sisi hatujajisumbua kulijua.

Wanafunzi wangu walipofika ukurasa wa tatu walishindwa kuandika kwamba zimwi limesikia njaa. Kiambishi kiligoma. Msichana mwenye pembe, amekaa chini, anahesabu sarafu. Huwezi kumwita li- na bado ukatafsiri kilichomo ndani ya kisanduku. Laiti wangeandika kwa nafsi ya kwanza, wasingehangaika, kwa maana anayejisemea mwenyewe husema ni-, awe malaika au zimwi. Lakini masimulizi ya nafsi ya tatu hulazimisha uamuzi kwa kila kitenzi. Wao waliuchukua uamuzi huo katikati ya kazi, pale pale ambapo kitabu chenyewe kinamlazimisha msomaji auchukue. Mimi niliona kosa. Nimewaza pia kwamba ni bahati yetu: mtafsiri wa Kiingereza hana kiambishi cha namna hii cha kuonyesha mgeuko huo.

Kwa sisi wa nchi hii jambo hili si la kuchezea sana. Tumelelewa na watu waliojifunza adui ni nani kabla ya kukutana naye, kwa jina la kurithi. Yuko amerithi pembe. Sitaongeza neno hapo.

Pamoja na sifa zote hizo, nina ugomvi na Itō, na sitaki wanafunzi wadhani nimelewa. Zimwi wake ni mwepesi mno kupendeka. Yuko hajamdhuru mtu. Hajaiba, hajasema uongo wa maana, hajamtakia mabaya hata Momo. Ni jahili kwa jina la cheo tu, na kumhurumia hakutugharimu chochote. Kitabu kimehamisha kiti cha msimulizi kutoka upande wa nuru kwenda upande wa giza, kisha kikatuonyesha kwamba giza halikuwa giza. Ni vyema, lakini ni nusu ya kazi. Swali gumu ni la jahili aliyetenda uovu kweli: je, naye apewe kiti?

Wengine katika utanzu huu wamelikaribia swali hilo. Puella Magi Madoka Magica, mfululizo wa televisheni wa mwaka 2011 ulioandikwa na Gen Urobuchi, unatufichulia kwamba wachawi wanaopigwa na wasichana wa miujiza waliwahi kuwa wasichana wa miujiza wenyewe. Hapo adui ni kesho yako. Lakini wachawi hao hawapewi sauti ya kusimulia. Wanabaki kuwa picha za kutisha. Cocoa Fujiwara alianza mwaka 2013 kuchora kisa cha afisa wa jeshi la giza ambaye moyo wake unamgeukia msichana wa miujiza anayepaswa kumwangamiza. Fujiwara alifariki mwaka 2015 kabla ya kukimaliza, na kisa hicho kilipofanywa kuwa mfululizo wa televisheni mwaka 2024 kilibaki kuwa kisa kisicho na mwisho. Hatutajua angemfanyia nini afisa wake.

Na sisi? Tuna desturi ya ajabu ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha darasani. Tenzi zetu mbili kubwa za vita zinajulikana kwa jina la adui. Utenzi wa Herekali, wa Mwengo wa Athumani wa Pate, wa mwaka 1728, unabeba jina la mfalme wa Rumi. Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli, wa Mgeni bin Faqihi, unabeba jina la mfalme anayepigwa vita, na jina hilo kwa Kiarabu ni kichwa cha zimwi. Zimwi limo mlangoni, juu ya jalada. Lakini ukiingia ndani, anayesimulia yuko kambini kwa Waislamu tangu mwanzo hadi mwisho, kama utanzu unavyodai, na sidai kwamba Mgeni alikosea. Nasema tu kwamba jalada limeahidi mtu ambaye ndani hatumkuti isipokuwa kama shabaha.

Kezilahabi alithubutu. Kazimoto wa Kichwamaji, mwaka 1974, anasimulia mwenyewe, na si mtu mwema. Anapanga kulipiza kisasi kwa Manase kupitia kwa dada yake Manase, na sisi tumo ndani ya kichwa chake wakati anapanga, hatuna pa kutokea. Huyo ni jahili aliyepewa kiti. Lakini Kazimoto ni msomi, anajieleza vizuri kama sisi walimu, na nadhani tunamsamehe kidogo kwa ajili ya hilo.

Kitabu ambacho ningependa Itō akisome ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Mnakikumbuka: Hasidi na Mwivu, ndugu wawili wa Adili, wanamtosa ndugu yao baharini kwa ajili ya wivu. Huria, binti wa kijini mwenye deni la wema kwa Adili, anawageuza nyani, na Adili anaamriwa awachape kila usiku. Anawachapa shingo upande, usiku baada ya usiku, mpaka Mfalme Rai anapopata habari na kuwaombea. Tazameni tulivyo hapa. Huria ndiye msichana wetu wa miujiza, mwenye nguvu na mwenye haki. Majina Hasidi na Mwivu ni pembe walizozaliwa nazo. Baba gani humwita mwanawe Hasidi kisha akashangaa? Lakini tofauti na Yuko, hawa wametenda. Walimsukuma ndugu yao majini kwa mikono yao. Na kwa muda wote wa adhabu hawana kinywa cha kibinadamu cha kukiri, wala cha kukana, wala cha kuomba yaishe.

Kwa miaka mingi nimetoa swali lilelile la mtihani: eleza sifa za Adili, na za nduguze, kwa kutoa mifano. Majibu hupangwa katika safu mbili, wema na ubaya, na mimi husahihisha kwa haraka kwa sababu safu ni fupi. Sijawahi kuuliza kilichokuwa kikipita katika kichwa cha nyani jioni anaposikia mlango. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilimhurumia Adili, ambaye kweli anastahili kuhurumiwa, na nikaona huruma moja inatosha kwa kitabu kimoja.

Kuhusu alama: nimerudisha tatu kati ya nne. Ya nne nimeizuia kwa sababu katika ukurasa wa sita walirudi kwenye li- bila sababu yoyote, na walipoulizwa walikiri kwamba hapo walipitiwa tu. Mwenzangu anayefundisha mofolojia amenikasirikia. Anasema mwanafunzi akifika kwenye mtihani wa taifa na hoja hii, msahihishaji hataifahamu, na mimi nitakuwa nimemponza mtoto wa watu. Ana haki. Nimewaambia wale wawili kwamba wakigeuza upatanisho kwa makusudi katika tafsiri waandike maelezo mafupi chini ya ukurasa, na katika mtihani waandike a- toka mwanzo, wakae salama.

Kazi yao ya pili ni kuchukua usiku mmoja wa Adili na Nduguze na kuuchora kwa visanduku vinne, kutoka upande wa nyani. Wamenionyesha rasimu juzi. Kisanduku cha kwanza ni mwanga chini ya mlango. Cha pili ni miguu ya Adili. Cha tatu ni mkono wenye kiboko, na mvulana wa Muyinga amechora mkono huo ukitetemeka, jambo lililonifurahisha. Cha nne kina nyani na kiputo cha maneno kisicho na neno. Bado wanabishana. Msichana anataka Mwivu aombe msamaha. Mvulana anasema mtu aliyechapwa usiku mwingi kiasi kile hawezi tena kuombea jambo la kwanza, atakuwa amelisahau au amelichukia. Nimewapa hadi Ijumaa ijayo.